Jiwe la Kamba Nyeusi

Tiketi zote tatu za kuingilia bustani ya hoteli alinunua Zuhura. Nilipotia mkono mkobani alinishika kiganja akasema, "Hebu tulia weye. Leo mie ndiye mgeni, waache wanipokee," akamsogezea msichana wa dirishani kadi yake ya benki, akasimama wima na baibui lake jipya akingojea risiti. Aliitaka ile risiti. Aliikunja mara mbili akaitia kwenye pochi, mahali pa noti. Binti yangu Nasra alicheka, akadhani ni mambo ya wafanyabiashara wa Zanzibar wasioacha karatasi nyuma. Mimi sikucheka. Nilijua kwamba mara ya mwisho Zuhura kutoka katika hoteli hii ya Garhoud alitolewa kwa mlango wa nyuma, ule wa magari ya taka, na mlinzi akampekua mkoba. Miaka ishirini na moja imepita. Safari hii alikuja Dubai kuchukua mapazia ya kwenda kuuza, akapata namba yangu kwa Grace, mwenzetu wa zamani kazini, akasikia kwamba nami nipo kwa binti yangu mwezi mzima, akanitumia ujumbe wa sauti: "Saumu mdogo wangu, nataka twende kwenye ile bustani ya Kijapani. Nataka niingie kwa mlango wa mbele, na weye uwe ubavuni mwangu, maana weye peke yako ndiye uliyesimama nami." Niliusikiliza nikiwa jikoni kwa Nasra, mtaa wa Discovery Gardens, nikazima jiko, kwa maana sikujua tena nilichokuwa napika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na tulikuwa wanawake wanane katika chumba kimoja cha mtaa wa Karama. Treni ya Metro haikuwapo bado; basi la hoteli lilituchukua alfajiri kwenye kona ya duka la fundi cherehani. Chumba kilikuwa na vitanda vinne vya ghorofa, kila kitanda na pazia lake la kanga, na ukisoma tu maneno ya zile kanga ungejua nani kaachwa na nani ana jambo na jirani yake. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo, na maji hayo ndiyo tuliyopigia deki. Upande wa pili wa ukuta wa plaiwudi walikaa mume na mke kutoka Kerala. Tulijua saa za ugomvi wao na saa za kupatana kwao bila kujua neno moja la lugha yao. Nilifika pale na homa, na kitanda kilichobaki kilikuwa cha juu. Zuhura, aliyekuwa na miaka thelathini na minne na mgongo unaomsumbua, alinihamishia kitanda chake cha chini, akapanda juu yeye, na hakukidai tena. Alikuwa wa Wete, Pemba. Nilimwita Da Zuhura siku ya kwanza na sikuacha.

Kila Ijumaa aliyekuwa na zamu ya mapumziko alipika, na Ijumaa ya Zuhura ndiyo tuliyoingojea. Alikuwa na sufuria moja yenye kitako kizito aliyotoka nayo kwao, humo akipika mkate wa kumimina, akiuwekea makaratasi ya bati juu ili upate moto pande zote kana kwamba kuna makaa. Tulitandika magazeti sakafuni tukakaa mduara, tukala na mchuzi wa samaki, na tukala pia na maneno, maana hapo ndipo utani ulipoanza. Tulimtania Upemba wake. Mnajua wenyewe yanayosemwa juu ya Pemba: kwamba huko uchawi haufichwi, kwamba mtu hulala Wete akaamka Mombasa. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa utani huo, kwa sababu nimejaliwa ulimi mwepesi na napenda watu wacheke kwa sababu yangu. "Da Zuhura, huu mkate umeupika au umeuagiza kwa upepo?" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Kuleni tu, nimeshawatia dawa. Nyote mtaolewa na Wapemba." Grace, aliyetoka Nakuru na aliyekuwa Mkristo, alisukuma sahani yake mbele kwa mzaha: "Mimi nimeokoka kwa damu ya Yesu, mniongeze mchuzi tu." Kicheko kile nakisikia hata sasa, na ni kicheko kizuri. Ninachotaka kusema ni kwamba utani huo ulikuwa wetu, ulikaa juu ya yale magazeti, na mwenyewe alikuwapo kuujibu.

Bustani ilikuwa nyuma ya hoteli, kati ya barabara kuu na uwanja wa ndege, na hadi leo sijui ni tajiri gani aliyeota kuweka Japani mahali pale. Ndege zilipita chini hata ungeweza kuona magurudumu yakifunguka. Lakini ukishuka ngazi tano ukapita ule ukuta wa mianzi, kulikuwa na bwawa lenye samaki wekundu na weupe, kandili za mawe, misonobari iliyopindwa ikapindika kama wazee wenye hekima zao, na kijumba cha mbao cha kunywea chai. Palikuwa na uwanja wa changarawe nyeupe ambao ndio uliokuwa riziki yangu. Kila asubuhi nilipitisha reki nikirudi kinyumenyume ili nyayo zangu zisibaki, nikichora mistari iliyozunguka mawe makubwa matatu. Zuhura alifuta madawati na kuta za kile kijumba cha chai. Grace alikuwa dobini. Msimamizi wetu alikuwa Mfilipino tuliyemwita Madam Lina, mwanamke mwadilifu aliyeogopa jambo moja tu duniani, nalo ni malalamiko kupanda ghorofani kwa wakubwa. Siku hizo alikuwa anatafuta mtu wa kuhudumu kijumba cha chai. Ilikuwa kazi ya kivulini, yenye mkataba mpya wa miaka miwili, na majina mawili ndiyo yaliyotajwa: Zuhura na Grace. Langu halikutajwa. Nilikuwa bado ndani ya miezi ya majaribio, na Nasra, mwenye miaka mitatu, nilikuwa nimemwacha kwa mama yangu Mombasa.

Wiki hiyo alikuja mzee wa Kijapani aliyeitwa Ota. Alikuwa akija mara mbili kwa mwaka kukata misonobari, na sisi wapya hatukuwahi kumwona. Alivaa viatu vyenye kidole gumba peke yake, alizungumza kidogo, na alipanda majani mafupi mororo kando ya njia iendayo kwenye daraja dogo. Wiki hiyohiyo Grace aliugua tumbo, akalala siku tatu anatapika hadi nyongo. Nayataja haya mawili pamoja kwa sababu ndivyo yalivyokuja kuunganishwa.

Jumamosi asubuhi, kabla ya wageni, nilifika kwenye njia panda ya bustani na reki yangu begani nikaliona jiwe. Lilikuwa la mviringo, kiasi cha chungwa kubwa, limefungwa kamba nyeusi mkato wa msalaba, na fundo limesimama juu. Limewekwa katikati kabisa ya njia. Sasa, aliyelelewa pwani hahitaji kuelezwa. Kitu kilichofungwa uzi mweusi kikategwa njiani ni fingo, dawa iliyowekwa imdhuru atakayeiruka. Bibi yangu aliwahi kurudi nyumbani kutoka sokoni kwa sababu ya kitambaa cheusi chenye mafundo alichokiona mlangoni pa soko, na tukala ugali na chumvi siku hiyo. Nilisoma Ayatul Kursiyu, nikazunguka mbali kupitia nyuma ya mianzi, na sikuligusa jiwe wala sikumwuliza mtu. Mzee Ota alikuwa hatua thelathini kutoka hapo, juu ya ngazi yake, akikata msonobari. Ningemwuliza tu.

Badala yake nilikwenda chumba cha kubadilishia nguo nikalitangaza. Tulikuwa sita au saba mle, wa makabila na mataifa yote, na nilisimulia vizuri, nikaongeza chumvi, nikaonyesha fundo kwa vidole. Mmoja wa Tanga akasema, "Ndiyo maana Grace kaanguka. Si ndiye anayegombea kijumba cha chai?" Pakawa kimya, na mimi kimya kile sikukiweza. Nikasema, "Muulizeni Da Zuhura. Kwao Pemba haya yanasomewa mpaka digrii." Wakacheka sana. Zuhura hakuwapo, alikuwa anafuta madirisha, na asiyekuwapo na lake halipo. Msichana wa Kinepali akauliza tunacheka nini, nami, kwa ule uroho wangu wa kuchekesha, nikamtafsiria kwa Kiingereza: Zuhura anatoka kisiwa ambacho watu husomea uchawi. Yeye hakucheka. Utani ule ulivuka na kuingia lugha nyingine bila yale magazeti ya Ijumaa, bila ule mkate, ukafika huko ukiwa habari. Kabla ya saa sita mlinzi alikuwa amelichukua jiwe kwa koleo la kuokotea taka akalitia kwenye mfuko, na jiwe limo kwenye droo ya Madam Lina.

Aliniita alasiri. Alifunga mlango, akateremsha pazia la dirisha, akaniambia kwamba katika nchi hii uchawi ni jambo la polisi, si la mzaha, na kwamba yeye anataka limalizwe humu humu kabla halijapanda juu. "Ni wewe uliyesema Zuhura ameweka jiwe?"

"Sikusema ameweka, madam. Nililiona tu."

"Lakini ulisema ni kazi ya watu wa kwao."

Hapa ndipo wazee wanaposema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilikuwa na nafasi ya kujikwaa kidole tu. Ningesema ulikuwa utani, madam, mimi ni mjinga, nikate mshahara. Lakini niliiona meza yake, nikaliona faili langu juu ya meza, jembamba, la mtu wa majaribio. Nikasema, "Anatoka huko, madam." Maneno matatu. Hayakuwa uongo, na hilo ndilo lililonifariji hadi usiku, kisha likaacha kunifariji.

Jumapili Zuhura alipekuliwa mkoba, akatolewa kwa mlango wa nyuma, akaambiwa abaki chumbani hadi ofisi iamue. Jumatatu nilishuka bustanini na reki yangu, na pale pale njia panda palikuwa na jiwe jingine. Kamba ile ile nyeusi, fundo lile lile. Nilisimama nikalitazama kwa muda mrefu, maana hata woga una hesabu zake: Zuhura alikuwa Karama, juu ya kitanda cha ghorofa, hana hata kitambulisho cha kupitia getini. Asubuhi hiyo mzee Ota alikuwa akimtembeza mgeni mmoja wa Kizungu na mkewe. Walifika kwenye jiwe wakasimama, na mimi nikainamisha kichwa kwenye changarawe yangu nikasikiliza. Mzee alisema kwa Kiingereza chake cha pole pole, "Jiwe hili linasema, tafadhali usipite huku. Majani ni machanga. Sisi hatuweki ukuta wala kibao. Tunafunga jiwe kamba. Nililiweka Ijumaa, mtu akalichukua, nimeweka lingine." Mke wa yule mgeni akauliza, na asiyejua je? Mzee akacheka kidogo. "Mwenye adabu ataelewa, au atauliza."

Nilikuwa na siku nne. Ndege ya Zuhura ilikuwa Ijumaa, ofisi ilishaamua: viza ifutwe kimya kimya, tiketi itolewe, polisi wasiitwe, na kila mtu amshukuru Mungu. Jumatatu sikusema kwa sababu nilijiambia mzee Ota atasema mwenyewe. Lakini nani angemwuliza mzee Ota? Habari ile alifichwa yeye na wageni kuliko wote. Jumanne nilikwenda. Wallahi nilikwenda. Nilibisha mlango wa Madam Lina nikiwa nimeshaipanga sentensi ya Kiingereza kichwani, nimeirudia njia nzima ili nisikosee. Aliponiona uso wake ulifunguka, akasema, "Nilikuwa nataka kukuita. Grace hataki tena kijumba cha chai, anaogopa. Wewe Kiingereza chako kizuri, na tabasamu unalo. Utaweza?" Akatoa kabatini sare mpya, vazi la rangi ya bluu lenye mikono mipana na mkanda wa kufungia kiunoni, limekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Aliniwekea mikononi. Likawa jepesi kuliko nilivyofikiri. "Ulitaka kusema nini?" akauliza. Nikasema, "Asante, madam." Nilikwenda kusema kweli, nikarudi na sare.

Watu husema haya na aibu ni ndugu. Mimi naona haya huja kabla, ikushike mkono, na aibu huja baada, ikukute umeshafanya. Siku ile nilikosa haya, na aibu niliyoipata inatosha kugawiwa mtaa mzima. Nilipanda basi la hoteli nikaikalia ile sare isionekane. Nyumbani niliificha chini ya godoro, godoro la kitanda cha chini, kitanda ambacho si changu.

Alhamisi Zuhura alipika, ingawa haikuwa zamu yake. Alisema hawezi kuondoka na unga. Wenzetu wanne hawakula. Walisema wameshiba, na mmoja alibeba mkate wake kwenye karatasi akautupa nje, nami nilimwona, na Zuhura alimwona. Grace, aliyekuwa amepona, alikula kidogo huku akimtazama usoni kama anayeomba radhi. Mimi nilikula sana. Nilikula vipande vitatu ili aone ninavyokula, na hicho ndicho alichokuja kukikumbuka miaka yote kwamba nilisimama naye: kula. Alinishika goti baada ya wengine kulala mchana ule, akazungumza kwa sauti ya chini kwa ajili ya ule ukuta wa plaiwudi.

"Saumu, mie lile jiwe n'nalijua limetoka wapi."

Nilidhani amejua, na nakiri kwamba nilihisi nafuu.

"Ni wifi yangu Mwanakombo," akasema. "Mke wa kaka yangu. Aliniuliza jina la hoteli mara mbili siku n'naondoka. Mara mbili, Saumu. Mtu ataka jina la hoteli kwa nini? Na kanga alonipa sikuinunua mie, sijui ilipita wapi kabla. Kanitupia kitu kimenifuata mpaka huku ng'ambo."

"Huenda si yeye, Da Zuhura."

"Ni nani basi?"

Ningemjibu. Jibu lilikuwa mdomoni, pamoja na mkate wake. Jiwe ni la mtunza bustani. Aliyekufukuzisha ni mimi, kwa kuchekesha watu. Lakini la pili lilikuwa limelifunga la kwanza, na sikuona namna ya kulitoa moja bila jingine kufuata. Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye." Akaniombea dua. Akaniachia ile sufuria yenye kitako kizito.

Wiki mbili baadaye, kwenye mkutano wa wafanyakazi, mzee Ota alisimama akaeleza habari za bustani, likiwamo jiwe la kuzuia njia. Madam Lina aliinama akaandika kitu ambacho nadhani hakikuwa kitu, kisha akasema, "Khalas, tuendelee." Tukaendelea. Hakuna aliyemwita Zuhura arudi. Viza ikishafutwa imefutwa, na hakuna mkubwa aliyetaka kuelezwa kwa nini. Jioni Grace alinisimamisha nje ya dobi. "Saumu, wewe ndio uko na namba yake ya Pemba. Umemwambia hiyo mawe ilikuwa nini?" Nikasema, "Nimemwambia." Grace akavuta pumzi. "Aki nashukuru Mungu. Alisemaje?" Nikasema, "Alicheka." Nilihudumu kijumba kile miaka mitatu. Nililipa karo ya chekechea ya Nasra na kiti cha magurudumu cha mama. Kila asubuhi nililipita lile jiwe na trei mkononi, na sikuwahi kulizoea.

Basi sasa tulikuwa tunashuka zile ngazi tano, mimi na Nasra na Zuhura, na mkono wake ukiwa kwapani mwangu. Bustani imekuwa ndogo, au majengo yaliyoizunguka yamerefuka. Changarawe mtu alikuwa ameichora vizuri, nami niliikagua kwa jicho la fundi nikakuta kosa moja tu, kwenye kona. Zuhura alikuwa na furaha. Alinionyesha madirisha aliyoyafuta, akamsimulia Nasra jinsi samaki mmoja mwekundu alivyokuwa akimfuata kando ya bwawa. Mlangoni alikuwa ameshanipa kopo la halua, ya Wete, limefungwa karatasi na kamba ya ukindu. "Nimekuletea weye tu," alisema, "wengine nimewapa karafuu." Nililibeba kifuani. Tulipokata kona ya mianzi niliona njia panda, nikatamani ndege ianguke.

Jiwe lilikuwapo. Zuhura alilikaribia hatua mbili ndipo akaliona, na vidole vyake vikaniingia mkononi hadi kwenye mfupa. Midomo ilianza kusoma. Mwanamke wa miaka hamsini na mitano, mwenye maduka mawili na wajukuu, alikuwa anarudi nyuma pole pole kama aliyeona nyoka, akinivuta mimi nisiguswe.

"Bi Zuhura, hilo ni alama tu," akasema Nasra, ambaye hajui lolote. "Kuna kibao hapa kinaeleza." Kibao kipo siku hizi, kidogo, cha Kiarabu na Kiingereza. Alikisoma kwa sauti, akatafsiri: njia hii imefungwa, tafadhali geuka, ni desturi ya kale ya bustani za Kijapani. "Si kitu. Ni kama kusema hodi hapana."

Zuhura aliniachia mkono. Alikiendea kibao akakitazama, kisha akalitazama jiwe, kisha akasoma ile sehemu ya Kiarabu herufi moja moja kwa kidole, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Ndege ilipita, akangoja hadi mngurumo uishe.

"Saumu. Weye ulihudumu chai humu baada yangu. Grace kaniambia. Miaka mitatu."

"Ndiyo, Da Zuhura."

"Basi ulikuwa unajua."

Nasra alinitazama. Ningeweza kusema nilijua baadaye. Ilikuwa nusu kweli nyingine, na nina uzoefu nazo. Nikasema, "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla hujaondoka. Siku nne. Na aliyelitaja jina lako kwa Madam ni mimi."

Alikaa kwenye dawati, lile la pembeni alilokuwa akilifuta zamani, akaweka pochi mapajani akaishika kwa mikono miwili. Nilibaki nimesimama na kopo langu kifuani. Nilianza kusema nisamehe, akainua kiganja, si kwa hasira, kama mtu anayesikiliza kitu kingine.

"Wifi yangu Mwanakombo kafa mwaka juzi," akasema. Hakuwa ananiambia mimi, alimwambia Nasra. "Miaka kumi na tisa alikuwa akinipelekea chakula kila sikukuu. Bokoboko, na kuku wa kuchoma. Alikuwa akija mwenyewe na sahani iliyofunikwa kawa kichwani, hata mguu ulipoanza kuvimba. Nilimpokea kwa mikono miwili, nikangoja apite kona, nikakimwaga kwenye shimo. Watoto wangu nikawakataza kwake. Hakujua kosa lake. Kafa hajui."

Aliinuka, akamwomba Nasra amwitie teksi. Alipolipita jiwe alisimama, akainama kwa taabu na ule mgongo wake, akaligusa fundo kwa ncha ya kidole. Hakuliondoa. Hakuniaga wala hakuniapiza, na hakutaka arudishiwe kopo lake, ingawa nililinyoosha mbele. Nilimwona akipanda zile ngazi na mwanangu akimshika mkono.

Nasra alirudi kunichukua, akaketi mbele kwa dereva njia nzima hadi Discovery Gardens. Niliweka kopo juu ya friji. Siku ya kwanza sikulifungua kwa sababu ya aibu. Siku ya pili, na hili nimeamua kuliandika kwa kuwa nimeshaandika mengine yote, nilisimama mbele yake na kisu mkononi nikajiuliza kama mtu aliyetendewa vile anaweza kuwa ametia kitu ndani. Lakini alikuwa amenipa kabla hajajua. Nilijua hivyo, na bado nilikirudisha kisu. Siku ya tatu, saa ambayo ndege yake ilikuwa inaita abiria, simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa sauti, mfupi, nyuma yake kelele za uwanja wa ndege, na sauti yake ilikuwa ile ile ya Ijumaa kwenye magazeti, ya mtu anayejibu bila kuinua kichwa.

"Saumu, ile halua uile. Haina kitu."